Haibiskasi, marejea, alizeti au mahindi: lipi liende kwenye meza ya vitendo?

Kipindi cha vitendo kikitangazwa kuwa ni muundo wa ua, kinachochumwa kwanza ni haibiskasi, ua lililoota kwenye ua wa shule. Hapo hakuna kosa. Kosa huja wiki inayofuata, somo likifika kwenye mashada: haibiskasi ileile inarudi mezani, na wanafunzi wanaambiwa wachore mpangilio wa maua ya mmea ambao kila ua lake limejikalia peke yake kwenye kwapa la jani.

Ulinganisho huu ni wa mwalimu, mwanafunzi anayejisomea, au bwana shamba anayetaka kuwaonyesha wakulima uchavushaji, na ambaye bado hajaamua achume nini. Mimea minne imepimwa kwa kina. Mingine imeguswa tu, kwa kuwa kila mmoja una kazi moja unayoifanya vizuri.

Vigezo

Kila mmea unaulizwa maswali yaleyale. Sehemu zake zinaonekana kwa jicho tupu, au bila lenzi ya kukuza mara 10 utakuwa unabahatisha? Shada lake linasomeka, yaani unaweza kusema ua lipi lilitangulia na lipi litafuata? Linabaki wazi kwa muda gani? Wembe ukipita, unafunua au unavuruga? Mwisho, linampotosha mwanafunzi wapi?

Kuhusu shada, mambo yote huanzia kwenye ncha ya mhimili. Kama ncha inaendelea kukua na kutoa vitumba vipya, maua makongwe yatakuwa chini na machanga juu. Kama ncha yenyewe imeishia kwenye ua, ua hilo ndilo hufunguka kwanza, na yanayofuata hutokea pembeni yake. Hilo huitwa saimu. Ukishajua hivyo, angalia vikonyo. Maua yasiyo na vikonyo kwenye mhimili mrefu ni spaiki. Yakiwa na vikonyo ni rasemi (usiandike rasimu, hiyo ni ya katiba). Rasemi iliyotoa matawi ni panikuli. Vikonyo vyote vikichipuka nukta moja kama vijiti vya mwavuli, ni umbeli. Mhimili ukibanwa ukawa bapa kama sahani, na maua yakajaa juu yake, hicho ni kichwa.

Haibiskasi, pamoja na bamia na choya

*Sehemu.* Ndilo ua rahisi kuliko yote kwa anayeanza. Petali 5, sepali 5 (vijani vinavyofunika kitumba) zilizoungana kama kikombe, stameni nyingi (sehemu za kiume zenye chavua), stigma 5 (ncha za kike zinazopokea chavua). Chini ya sepali kuna duara jingine la vijani vyembamba, kwa kawaida 5 hadi 9, na hapo ndipo hesabu za sepali huharibika: mwanafunzi huandika 12, na kwa macho yake yuko sahihi. Mwambie aanze kuhesabu kutoka ndani kwenda nje, asianze nje.

*Wembe.* Petali zimeshikana kitakoni na mrija wa stameni. Ukivuta petali moja kwa pupa, zote hutoka pamoja na mrija, na ovari, sehemu itakayokuwa tunda, inabaki uchi kwenye kikonyo kama kwamba haikuwahi kuwa na uhusiano na vitu hivyo. Anza kwenye kikonyo, pitisha wembe kwa urefu hadi juu, ua ligawike nusu mbili. Kisha chukua ua la pili, ukate ovari kwa upana katikati: vyumba 5, ovuli (mbegu za baadaye) zimeshikilia katikati. Stigma 5, vyumba 5. Mwanafunzi akiona namba hizo mbili zinalingana, hutahitaji tena kumweleza kapeli, yaani kipande kimoja cha sehemu ya kike, ni nini.

*Linapopotosha.* Kwa mbali stameni zinaonekana zimeota kwenye staili, shingo inayobeba stigma. Hazikuota humo. Filamenti, vijiti vya stameni, zimeungana zikawa mrija, na staili imepita ndani yake kama uzi ndani ya mrija wa soda. Pasua mrija kwa sindano kuanzia chini, uufungue taratibu, staili itajitokeza nzima. Hili huchukua dakika mbili na linafuta kosa ambalo michoro mingi ya daftarini inalirudia mwaka hadi mwaka.

*Muda na shada.* Hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, ila likichumwa hubaki wazi hata bila maji mpaka jioni. Shada halina. Epuka haibiskasi za petali nyingi zilizokunjana. Huko baadhi ya stameni zimegeuka petali na hesabu hazitakubali.

Bamia ni ndugu yake na hufaa pale ambapo hakuna bustani, lakini sepali zake hupasuka upande mmoja na kuanguka pamoja na petali, kwa hiyo usizitafute kwenye tunda. Choya ni kinyume: sepali hubaki, hunenepa na kuwa nyekundu. Kile tunachochemsha tukapata juisi ni sepali, wala si petali kama wengi wanavyodhani.

*Linamfaa nani.* Darasa linaloanza, lenye wanafunzi wengi na lenzi chache.

Marejea, kunde na mbaazi

*Sehemu.* Yote matatu ni ya jamii kunde. Petali ni 5 lakini hazifanani: moja kubwa imesimama kama bendera, mbili za pembeni ni mabawa, na mbili za chini zimeshonana zikawa mkuku, kama mkuku wa jahazi. Ndani ya mkuku zimefichwa stameni 10 na ovari moja nyembamba. Bendera na mabawa vinaonekana kwa jicho tupu. Stameni zinataka lenzi au macho mazuri.

*Wembe.* Uache. Tumia sindano na vidole. Kabla ya kung'oa chochote, shika ua kwa kikonyo na ubonyeze mabawa kuelekea chini. Kwenye ncha ya mkuku itachomoza staili ikiwa na chavua, na ukiachia inarudi ndani. Uzito wa nyuki akitua hufanya kazi hiyohiyo. Ndipo sasa uondoe bendera, mabawa, na upasue mkuku kwenye mshono wake. Ovari ifungue kwa urefu: kapeli moja, ovuli zimejipanga mstari kwenye ukingo mmoja, ileile picha ya ganda la kunde lililopasuliwa jikoni.

*Linapopotosha.* Vitabu vingi huandika kwamba ua la jamii kunde lina stameni 9 zilizoungana na moja huru. Ni kweli kwa kunde, mbaazi na njegere. Kwa marejea si kweli: zote 10 zimeungana kwenye ala moja iliyo wazi upande wa juu, na antha zake, vifuko vya chavua, ni za aina mbili, ndefu 5 na fupi 5, zikipishana. Mwalimu aliyeandaa majibu kutoka kitabuni kisha akaleta marejea atawasahihisha vibaya wanafunzi walioona vizuri. Maharage nayo yaache kabisa kwa somo la kwanza, maana ncha ya mkuku wake imejisokota kama springi na kuufungua bila kuuchana ni kazi ya mtu aliyekwisha zoea.

*Shada.* Hapa marejea hana mpinzani. Ni rasemi ndefu iliyosimama juu ya tawi: juu vitumba, chini yake maua ya njano yenye mistari ya kahawia, chini zaidi maganda machanga, na mkiani maganda yaliyokauka yanayolia kama kayamba ukiyatikisa. Mhimili mmoja unaonyesha safari nzima kutoka kitumba hadi mbegu. Shada la kunde ni fupi, maua machache yamesongamana kwenye ncha ya kikonyo kirefu, na mwanafunzi mgeni halisomi kwa urahisi.

*Muda.* Kunde hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri zimeshajifunga. Kipindi kikiwa saa saba mchana, leta marejea au mbaazi.

*Linamfaa nani.* Anayefundisha rasemi, uchavushaji wa wadudu, au ua lenye ulinganifu wa upande mmoja tu. Hilo la mwisho liwekwe mezani kando ya haibiskasi: haibiskasi unaweza kuigawa kupitia katikati kwa njia zaidi ya moja ukapata nusu zinazofanana kwa umbo, lakini marejea ina njia moja pekee.

Alizeti, pamoja na kishonanguo

*Shada kwanza*, kwa sababu hapa shada ndilo somo. Kile tunachokiita ua la alizeti ni mamia ya maua madogo juu ya sahani moja. Majani ya kijani yanayokizunguka kichwa kwa nje si sepali, ni brakti (vijani vinavyokaa chini ya ua au shada), na hizi ni za shada zima. Zile "petali" ndefu za njano ukingoni, kila moja ni ua zima la pembeni, ila ni tasa. Maua ya katikati ndiyo yanayozaa.

Sahani hii ni rasemi iliyokandamizwa. Ukingo wake ndio chini ya mhimili, kitovu chake ndicho ncha. Ndiyo maana maua hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati, kama vile ya marejea yanavyotoka chini kwenda juu. Mweke mwanafunzi avione vyote viwili kwa pamoja, halafu muulize mwenyewe ua changa kuliko yote kwenye alizeti liko wapi.

*Sehemu.* Lenzi ni lazima. Ua la katikati lina urefu wa sentimita moja na ushei ukihesabu na ovari. Petali 5 zimeungana zikawa mrija wenye meno 5 juu. Stameni 5, antha zake zimegandana zikizunguka staili. Ovari iko chini ya kila kitu, petali zimekaa juu yake; kwa haibiskasi ni kinyume. Ndani mna ovuli moja. Ile "mbegu" tunayokamua mafuta kwa hakika ni tunda zima, na ganda lake ni ukuta wa tunda.

*Wembe.* Tumia kisu, gawa kichwa mara mbili kupitia kitovu. Kisha kwa kibano ng'oa maua manne: moja la ukingoni kabisa, moja la katikati ambalo stigma yake imejigawa pande mbili na kujikunja, moja linalotoa chavua, na kitumba kimoja karibu na kitovu. Yapange juu ya karatasi nyeusi kwa mfuatano huo. Utaona kilichotokea: staili hukua ndani ya mrija wa antha na kuisukuma chavua juu kama pistoni ya pampu ya baiskeli, na baada ya hapo ndipo stigma inafunguka. Ua ni dume kwanza, jike baadaye. Mikanda hii mitatu, ya stigma, ya chavua na ya vitumba, inaonekana kwenye kichwa kimoja kwa siku kadhaa tu. Chagua ambacho nusu yake bado ni vitumba. Kichwa kilichokwisha kuinama kimechelewa.

*Linapopotosha.* Ukimpa anayeanza alizeti kama mfano wa kwanza wa ua, ataandika kwamba ua lina petali 30 na stameni elfu, na kumwondoa hapo ni kazi ngumu.

*Upatikanaji.* Singida na Dodoma hutasumbuka msimu ukifika. Mjini, okota kishonanguo kando ya njia. Ni kichwa kilekile kwa udogo, na kina zawadi ya ziada: vimiba viwili au vitatu vinavyong'ang'ania suruali ni sepali zilizobadilika. Alizeti nayo ina vigamba viwili mahali hapohapo, ila hudondoka mapema.

*Linamfaa nani.* Darasa lililokwisha kufanya ua moja-moja, na yeyote anayefundisha ovari ya chini.

Mahindi

*Sehemu.* Petali hakuna. Sepali hakuna. Harufu hakuna, mbochi hakuna. Kwa mwanafunzi aliyezoea haibiskasi, hili si ua hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kulileta.

*Shada.* Yako mawili kwenye mmea mmoja. Juu ni mbelewele, shada la kiume lenye matawi. Ukilitazama tawi kwa lenzi, vishada vidogo vimekaa viwili viwili, kimoja kina kikonyo na kingine kimejibana kwenye tawi. Kila kimoja kina maua 2, na kila ua stameni 3. Kwenye kwapa la jani ni shada la kike: maua yamepandwa bila vikonyo kwenye mhimili mnene ambao sote tunaujua kwa jina la gunzi.

Maua ya gunzi nayo hutokana na vishada vilivyo viwili viwili, kila kishada kikibakiza ua moja linalozaa. Kwa hiyo mistari ya punje kwenye gunzi huwa ni namba shufwa: 12, 14, 16. Kuhesabu mistari ya muhindi wa kuchoma hakuhitaji maabara.

*Wembe.* Chukua muhindi mchanga ambao ndevu zimetoka karibuni na hazijakauka. Menya maganda moja moja bila kuvuta ndevu. Kisha shika unywele mmoja ufuate mpaka mwisho: unaishia kwenye ovari moja, na ovari hiyo ndiyo punje moja ya baadaye. Ndevu za sehemu ya chini ya gunzi hutangulia kutoka, za ncha hufuata mwisho. Chavua ikiwa imekwisha zinapotoka, ncha inabaki mapengo. Mkulima anayelalamika kwamba mahindi yake yana ncha tupu anaweza kuonyeshwa hilo shambani. Ukame wakati wa kutoa ndevu huzichelewesha, na ndevu zilizochelewa hukosa chavua.

*Muda.* Mbelewele moja humwaga chavua kwa takriban wiki. Ipige asubuhi juu ya karatasi nyeusi umande ukishakauka. Nje ya msimu huna kitu, na hilo ndilo tatizo lake kubwa.

*Linamfaa nani.* Anayefundisha uchavushaji wa upepo au maua yenye jinsi moja, na maofisa ugani.

Wengine, kwa kazi maalumu

Kwa umbeli, otesha giligilani na uache ichanue. Kila kijiti cha mwavuli kinaishia kwenye mwavuli mdogo, na maua ya pembeni yana petali za nje zilizo kubwa kuliko za ndani. Kitunguu kina umbo hilohilo lakini maua yake hayafunguki kwa mpangilio wa nje kwenda ndani, kwa sababu ni saimu ndogo ndogo zilizokusanyika. Usikitumie kufundishia mfuatano.

Kwa saimu yenyewe, asumini. Tafuta kishada cha vitumba vitatu: cha katikati hufunguka kwanza. Ila asumini nyingi za majumbani, zile za kutilia kwenye kikuba, zina petali nyingi, hivyo zitumie kwa shada tu, si kwa kuhesabu sehemu za ua.

Kwa panikuli, mwembe. Usitarajie kila ua liwe na ovari, maana mengi ni ya kiume, na kwa kawaida stameni inayofanya kazi ni moja tu. Pwani, karara la mnazi likipasuka linatoa somo zuri: kwenye kila tawi la upunga, maua dume yamejaa kuelekea ncha, na chini kuna vifundo vichache vya maua jike ambavyo ndivyo vitakuwa vidaka. Mgema atakuambia lipi liko tayari.

Bogenvilia ni ya kutegea. Vile vipande vitatu vya rangi ni brakti, na ua lenyewe ni kijirija chembamba kilichobandikwa juu ya kila kimoja. Lilete mwisho, baada ya alizeti.

Halafu kuna karafuu, mwokozi wa kiangazi. Punje ya karafuu kavu ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka, na iko kwenye kabati la jikoni mwaka mzima. Chagua zenye kichwa, loweka kwenye maji ya moto nusu saa. Kile kidonge cha juu ni petali 4 zilizofunikana. Zibandue kwa sindano uone stameni nyingi zimejikunja kuizunguka staili. Meno 4 magumu ni sepali. Sehemu ndefu ya chini si kikonyo, ni kitako cha ua, na ovari ndogo yenye vyumba viwili imezama ndani yake karibu na juu. Kikonyo halisi kilishatengwa. Zanzibar makonyo huuzwa kivyake kwa ajili ya kutoa mafuta.

Kwa hali yako

Una wanafunzi 60, nyembe 10 na dakika 40: haibiskasi, ua moja kwa kila kundi la watu watatu, pamoja na la ziada kwa ovari ya kukata kwa upana.

Una vipindi viwili mfululizo: haibiskasi na marejea cha kwanza, kisha marejea na alizeti cha pili. Marejea ndiyo daraja. Bila hiyo alizeti inabaki fumbo.

Unajiandaa na mtihani na hujui ua gani litaletwa: fanyia mazoezi moja lenye ovari ya juu, moja lenye ovari ya chini, moja lisilo na petali. Karafuu inaweza kushika nafasi ya alizeti ukikosa.

Uko na wakulima: mahindi wakati wa ndevu, alizeti wakati wa chavua, na uwaachie wenyewe kazi ya kumenya.

Kipindi ni cha mchana: kunde zibaki shambani.

Msimu umekwisha kabisa: tunza mapema. Chuma rasemi za marejea na vipande vya kichwa cha alizeti, vitie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye spiriti, ufunike vizuri na uandike jina na tarehe kwa penseli kwenye karatasi itakayoingia ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka. Rangi itaondoka yote, umbo litabaki. Haibiskasi usiitie humo: petali zake hulegea zikawa kama karatasi iliyoloa, na kuzikunjua bila kuchanika ni shida.